Kadi za Beryl Pickersgill

Kampuni inayotengeneza kipindi cha Shina la Nyota imetangaza, na tangazo hilo husomwa kila Jumatano mwishoni mwa kipindi kwa sauti ya mwanamume aliyekula vizuri, kwamba kila jambo linalosemwa humo kuhusu ukoo wa mtu mashuhuri limehakikiwa na wataalamu watatu, kila mmoja kivyake, bila kumwuliza mwenzake, kutoka katika nyaraka asili. Sisi wa Cragshaw hatuna sababu ya kubishana na tangazo hilo. Tunalitaja mapema ili liwe mahali pake, kama mtu anavyotundika koti lake kabla ya kuketi.

Beryl Pickersgill alizaliwa katika Mtaa wa Kiwanda, nyumba namba kumi na saba, na hivi sasa anaishi namba kumi na tisa. Kati ya nyumba hizo mbili aliolewa, akafanya kazi miaka thelathini na mmoja katika idara ya maji, akamzika mume mmoja, Stanley, na paka wanne. Maisha ya namna hii hayatengenezewi kipindi. Lakini tangu mwaka 1979, kila Jumamosi na baadhi ya siku za likizo, Beryl alikuwa akinakili kwenye kadi ndogo kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko yaliyoandikwa katika makanisa saba ya bonde letu. Kadi zilifika elfu arobaini na moja. Zilikaa kwanza katika maboksi ya viatu, chini ya kitanda, upande wa Stanley. Alipofariki Stanley zilihamia ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, ambako zilipewa rafu yao karibu na dirisha. Watu hutoka Kanada na Australia kuja kutafuta babu zao, na kabla hata ya kusalimu huuliza, "Kadi za Beryl ziko wapi?"

Jambo moja lazima lisemwe kuhusu Beryl: hana uwezo wa kuacha kosa lipite. Kwenye sherehe ya mama yake ya kutimiza miaka themanini, alisimama mbele ya keki akawaeleza wageni, kwa upole kabisa, kwamba cheti cha kuzaliwa kinaonyesha mama ana themanini na mmoja. Keki ilibidi iongezwe mshumaa. Na Clifford Ormerod, dereva wa basi mstaafu, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha historia ya koo, alikuwa ameishi miaka sitini akiamini kwamba anatokana na shujaa mmoja wa farasi aliyevuka bahari pamoja na mfalme aliyeiteka nchi yetu zamani. Alikuwa na ngao ya ukoo ukutani. Beryl alimfuatilia kadi kwa kadi, akamshusha kwenye farasi, akamfikisha kwa mchuuzi aliyekuwa akipita mlango kwa mlango akiuza vibanio vya nguo.

"Mtu mwema lakini," Beryl alimwambia siku ile. "Hakuwahi kushtakiwa hata mara moja."

Clifford hakusema naye mpaka Pasaka.

Sasa, huku kwetu kila mtoto anamjua Amos Sugden. Mwaka 1842, viwanda vilipokata ujira na wafanyakazi wakagoma, Amos aliingia kiwanda cha Hollins na wenzake wakang'oa vizibo vya boila, maji yakamwagika, moto ukazimika, mashine zikasimama bonde zima. Alifungwa miaka miwili. Tuna mtaa wenye jina lake, na baa yenye sura yake mlangoni, ingawa hakuna aliyewahi kuiona sura yake. Kwa hiyo iliposikika kwamba Shina la Nyota wanamfuatilia Dale Sugden, na kwamba Amos ndiye babu wa babu yake, mji mzima ulijikuta una ndugu kwenye televisheni. Dale ndiye yule anayecheza mwenye baa katika tamthilia ya jioni ambayo nchi nzima hudai haiitazami.

Beryl aliombwa atokee. Angefunua rejista ya kanisa la Cragshaw mbele ya Dale na kumwonyesha jina la Amos, mwana wa Joseph. Kamera ingezionyesha na zile kadi. Kaunti nayo, kuona hivyo, ikaamua kwamba mwezi utakaofuata baada ya kipindi itafunga kibao cha shaba kwenye ile rafu: Faharasa ya Pickersgill. Beryl alisema kibao ni upuuzi. Kisha akaenda kukata nywele.

Siku ya kupiga picha katika ofisi ya kumbukumbu, mtayarishaji kutoka London, msichana mrefu aitwaye Imogen, alikuja na glavu nyeupe.

"Vaa hizi, kipenzi."

"Karatasi haishikwi na glavu," alisema Nasreen, mkuu wa chumba cha wasomaji. "Mikono mikavu na safi, basi. Glavu hazihisi ukurasa."

"Najua, dada. Lakini watazamaji wakiona mikono mitupu wanatuandikia barua."

"Waandike. Tutazihifadhi."

Glavu zilivaliwa. Dale alikuwa bado hajaitwa chumbani. Walifanya kwanza mazoezi na Beryl peke yake. Alifunua, akaambiwa amefunua haraka. Akafunua tena, akaambiwa kuna kivuli.

"Mara hii polepole," alisema Imogen. "Kama unaogopa kidogo."

"Siogopi rejista mimi. Hii nimeinakili nzima."

"Basi jifanye."

Mara ya nne Imogen aligeuka kumgombeza mtu wa taa, na Beryl, ambaye glavu zake zilikuwa zimeshonwa kwa ajili ya mtu mwenye vidole virefu, alivua ile ya kulia. Akafunua ukurasa wa sitini na moja kwa kidole gumba kitupu. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa sitini na mbili.

Beryl alikuwa hajawahi kuuona ukurasa wa sitini na mbili.

Aliketi. Alikumbuka vizuri kabisa. Februari 1981, chumba cha nyuma cha kanisa. Wazee wa kanisa hawakuwasha hita siku za kazi, kwa kuwa Mungu alitarajiwa Jumapili. Wino uliganda. Beryl alinakili rejista nzima siku nne, amevaa koti, kofia, na glavu za sufu alizofumiwa na mama mkwe. Karatasi zilikuwa na unyevu, zimeshikana. Kwa vidole vya sufu alikuwa amefunua kurasa mbili kama moja, kutoka sitini na moja mpaka sitini na nne, na miaka thelathini na minane ikapita.

Katika ukurasa wa sitini na moja, tarehe sita Machi 1814, alibatizwa Amos, mwana wa Joseph Sugden, mlinzi wa kiwanda cha Hollins. Huyo alikuwa na kadi. Katika ukurasa wa sitini na mbili, tarehe kumi na tatu Machi, wiki moja tu baadaye, alibatizwa Amos, mwana wa William Sugden, mfumaji, wa Njia ya Juu.

Mzee Amos Sugden, baba yao Joseph na William, alikuwa amezikwa Januari ile. Desturi yetu ni kwamba babu akiondoka, jina lake anapewa mjukuu wa kiume wa kwanza kuzaliwa baada ya maziko. Hakuna kanuni inayosema wafanyeje ndugu wawili ambao wake zao wote ni wajawazito. Inaonekana hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake.

Na daftari la gereza, ambalo Beryl alilijua kwa moyo, lilisema: Amos Sugden, mfumaji, wa Njia ya Juu.

Kulikuwa na jambo la pili, na hilo ndilo lililomfanya avue na glavu ya kushoto. Gazeti la siku zile, likieleza kesi, lilimtaja mshtakiwa kuwa Amos Sugden, na shahidi mkuu wa mashtaka, mlinzi wa usiku wa kiwanda, kuwa Amos Sugden. Watu wote waliosoma walicheka. Beryl mwenyewe aliandika kwenye kadi: kosa la mpiga chapa. Sasa aliona kwamba mpiga chapa, maskini, alikuwa sahihi. Ulinzi Joseph alimrithisha mwanawe. Na Dale Sugden alitokana na mwana wa Joseph. Hilo lilikuwa wazi, limefuatwa vizuri, halina tundu. Babu wa babu yake hakuzima boila. Alikuwa amesimama mlangoni na taa, akawatazama nyuso.

Beryl aliomba mapumziko ya chai, akamvuta Imogen kwenye korido.

"Kuna Amos wawili."

"Wawili wa wapi?"

"Wa hapahapa. Mabinamu. Aliyefungwa si wa Dale. Wa Dale ndiye aliyemshuhudia."

"Beryl kipenzi. Dale ameshalia."

"Amelia lini, naye bado hajaambiwa?"

"Jana, gerezani. Dakika nne. Machozi ya kweli, jicho la kushoto, upande wa kamera. Mtu wa sauti naye alilia."

Kwenye televisheni mtu hulia Jumanne kwa habari atakayoipata Jumatano. Beryl hakulijua hilo, lakini hakupoteza muda kulishangaa.

"Alimlilia mtu wa watu wengine," alisema.

"Wataalamu wetu watatu wote wamepitisha."

"Kutoka wapi?"

"Kwenye nyaraka, Beryl."

Beryl alifungua mdomo aulize nyaraka zipi, akaufunga, maana jibu alilijua na halikumpendeza.

Imogen akaushika mkono wake. Hakuwa msichana mbaya. Alikuwa na basi la watu tisa nje na mvua inakuja. "Sikiliza. Anayejua ni wewe peke yako. Kadi ni zako. Ukinyamaza leo, nani ataumia? Dale ana furaha, mji una furaha, wewe kipindi kikishatoka unafungiwa kibao chako. Ukisema, mtu wa kwanza watakayemuuliza amekosea nani, ni nani?"

Hilo halikuwa swali. Imogen akaenda kutafuta mwavuli.

Clifford alikuwa kwenye benchi la korido, amevaa tai yake ya kampuni ya mabasi, amekuja kutazama. "Mbona uso umekuwa kama kanisa siku ya Jumatatu?"

Beryl akaketi pembeni yake. "Cliff. Siku ile nilipokuambia habari za yule wa vibanio, ulijisikiaje?"

"Nilitaka ufe."

"Na sasa?"

Clifford alifikiri. "Ile ngao niliitoa. Nilipata kikapu cha zamani, cha vibanio vya mbao, nikakitundika palepale. Wajukuu wanakichezea. Ngao walikuwa hawaigusi." Akamtazama. "Kwani vipi? Umegundua nina farasi?"

"Huna farasi, Cliff."

"Najua. Nilikuwa nauliza tu."

Beryl alinyanyuka, akanyoosha sketi, akaingia jikoni kwa wafanyakazi. Dale Sugden alikuwa peke yake, mtu mkubwa mwenye mabega ya mchinjaji, anafungua kabati moja baada ya jingine.

"Mama, hizi biskuti za tangawizi ni za nani?"

"Za Nasreen. Chukua mbili, asijue. Kisha keti, mwanangu, nina jambo la kukuambia, na ni kosa langu mwanzo mpaka mwisho."

Aliketi. Beryl hakuzunguka. "Yule uliyemlilia jana si wako."

Biskuti ilibaki njiani. "Wangu ni yupi?"

"Yule aliyetoa ushahidi."

"Mlinzi?"

"Mlinzi."

"Aliyemtia ndani binamu yake mwenyewe?"

"Alisema alichokiona. Alikuwa ameapishwa." Beryl alihisi kwamba hiyo haikutosha. "Walipishana wiki moja tu kubatizwa. Walipewa jina moja. Nadhani walilala kitanda kimoja kila mara mmoja wao alipokuwa na mama mgonjwa, ndivyo watu walivyoishi kule juu. Siwezi kukuthibitishia hilo la kitanda."

Dale alitazama dirisha. Nje mvua ilikuwa imeanza, na watu wa kamera walikuwa wakifunika vitu vyao kwa mifuko. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na Beryl akadhani amemliza mara ya pili, bila kamera. Alikuwa anacheka.

"Miaka ishirini na miwili," alisema, "nacheza mwenye baa anayewachongea majirani zake kwa polisi. Nilipofanyiwa majaribio waliniambia, Dale, wewe sura unayo." Alijifuta macho yote mawili, la kushoto na la kulia. "Lakini jana nililia kweli, mama. Kuta zile. Nilimwonea huruma."

"Hata mimi nimemwonea huruma miaka thelathini na minane. Si lazima awe wako."

"Umejuaje leo?"

"Nilifunua kurasa mbili pamoja. Mwaka themanini na moja."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na baridi."

Dale aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa maelezo kamili, na kwa mtu aliyekulia pande hizi, yalikuwa kamili. "Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza. Lakini Clifford ana kikapu cha vibanio."

Hakuelewa, na Beryl hakumweleza. Walikwenda wakausoma ukurasa wa sitini na mbili pamoja, kwa mikono mitupu, Nasreen amesimama nyuma yao. Dale alitaka habari hiyo iwemo katika kipindi. Imogen akapiga simu London, na London ikasema machozi yameshakatwa na kuunganishwa na muziki, na hakuna mahali pa Amos wa pili. Dale alikuwa ametia saini karatasi nyingi. Beryl hakuwa ametia saini yoyote ya kusema, kwa hiyo hakusema neno mbele ya kamera. Alikubali kufunua ukurasa mmoja tu, ule wa sitini na moja, ambao kila neno lililoandikwa humo lilikuwa kweli.

Kipindi kilirushwa Jumatano moja ya Oktoba. Tulikitazama katika ukumbi wa kanisa, watu sabini, hita imewashwa. Mikono ya Beryl ilionekana kwa sekunde kumi na moja.

"Mikono imetoka vizuri," Clifford alinong'ona.

"Nyamaza."

Dale alilia gerezani, na wengi wetu tukalia naye. Ile sauti iliyoshiba ikasoma tangazo la wataalamu watatu. Kisha, kabla taa hazijawashwa, Beryl alikuwa amesimama mbele, ameshika kadi mbili, na akatueleza yote: ukurasa, glavu, Amos wa Joseph, Amos wa William. Alisema kosa ni lake na kwamba ameiandikia kaunti wasifunge kibao mpaka apitie upya rejista zote saba, ukurasa kwa ukurasa.

Bibi mmoja wa Njia ya Juu, mwenye umri wa miaka tisini na miwili na masikio yake yote, akauliza kutoka nyuma:

"Kwa hiyo Amos wetu bado ni wetu?"

"Bado ni wenu, Bi Agnes."

"Na asiye wake ni yule wa televisheni?"

"Ndiyo."

"Basi tatizo liko wapi? Wekeni birika."

Hakusamehewa kirahisi, usidhani. Majira yale ya baridi Beryl hakuweza kupokea kipande cha keki popote mjini bila mtu kumwambia, "Angalia usichukue mbili." Clifford aliliweka katika hotuba yake ya mwaka. Beryl alivumilia, akapitia rejista zile kwa muda wa miezi kumi na minne, mikono mitupu, mikavu na safi. Alikuta makosa mengine matatu, na mawili kati yake yalikuwa ya kasisi. Kibao kilifungwa hatimaye. Kinasema: Faharasa ya Pickersgill, pamoja na Masahihisho. Hayo maneno matatu ya mwisho aliyadai mwenyewe.

Dale alikuja Novemba ile, bila kamera, amemleta mama yake na pakiti mbili za biskuti za tangawizi kwa ajili ya Nasreen. Walipanda mpaka Njia ya Juu wakasimama kidogo mvuani mbele ya nyumba isiyo yao, wakashuka mpaka lilipokuwa lango la Hollins, ambapo sasa pana duka la mazulia, wakasimama kidogo hapo pia. Kisha Beryl akampa Dale penseli na kadi tupu, akamwacha amwandike Amos wa William kwa mkono wake. Mwandiko ni mbaya. Beryl hajainakili kadi hiyo upya, na watu wanaomfahamu wanajua maana yake.

Kuhusu rejista yenyewe, ilihamishwa kutoka kanisani hadi ofisi ya kaunti mwaka 1994. Kila anayetaka kuisoma lazima ajaze karatasi ya maombi, na karatasi hizo zote zimehifadhiwa. Nasreen alizitazama siku moja alipokuwa akipanga rafu, akiyatafuta majina ya wale wataalamu watatu. Tangu mwaka 1994 mpaka Jumatano ile ya Oktoba, rejista iliombwa mara moja, siku ya zile glavu nyeupe, na mwandiko kwenye karatasi ni wa Beryl.